Gari langu ni 4WD na liko juu, kagari ka binamu kamepita mimi nikanasa. Sababu hasa ni nini?

#1 KobeMwendo
Wakuu, habari.

Wiki iliyopita tulitoka magari mawili kwenda porini. Langu ni SUV ya kati, nyuma limeandikwa 4WD, na kitabu kinasema uvungu, yaani nafasi kati ya ardhi na tumbo la gari, ni 210 mm. La binamu yangu ni kagari kafupi, kazee, bampa ya mbele imefungwa kwa waya.

Tukafika kwenye korongo lililokata njia kimshazari, kina chake kama goti, udongo wa unyevunyevu ila si tope. Binamu akatangulia, akapita kama anaingia uani kwake. Nikaingia mimi. Tairi ya mbele kulia ikaning'inia hewani, ya nyuma kushoto ikawa inagusa ardhi kwa kubembeleza, zote mbili zinazunguka bure. Zile mbili zilizokanyaga vizuri zimetulia tuli. Binamu akanivuta kwa kamba huku anapiga mluzi.

Naomba mnisaidie mawili. Mtu anajuaje gari lake linaweza nini kabla hajaaibika? Na kama ni kuongeza kitu, nianze na kipi? Aina ya gari sitaji, nikitaja tu uzi utageuka vita vya nembo.

#2 Bosi_wa_Lami
Mchagua jembe si mkulima. Mpe binamu gari lako, wewe chukua lake, mrudi pale pale kisha uje utupe majibu.

#3 FundiSpana
Jibu umeliandika mwenyewe: mbili zinazunguka, mbili zimetulia. Difu zako ni za wazi.

Difu ya kawaida imetengenezwa ili tairi za ekseli moja ziweze kuzunguka kwa mwendo tofauti kwenye kona. Kasoro yake ni kwamba inagawa nguvu sawa kwa sawa. Tairi iliyo hewani haihitaji nguvu kuzunguka, basi na mwenzake aliyekanyaga chini anaambulia hicho hicho kidogo. Mbele umepoteza, nyuma umepoteza. Maandishi ya 4WD yanakuambia injini imeunganishwa na ekseli ngapi tu. Tairi ngapi zitasukuma siku ya shida, hayasemi.

Dawa ni difuloki, kifungo kinacholazimisha tairi zote mbili za ekseli zizunguke pamoja. Nyuma kwanza.

#4 Kipimatairi
Kabla hajauziwa difuloki, mleta uzi, tairi zilikuwa na upepo kiasi gani?

#5 KobeMwendo
PSI 36 zote. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni.

#6 Kipimatairi
Nilijua. 36 ni ya lami. Ukishuka barabarani ukaingia njia mbovu, teremsha hadi 22 au 20. Mchangani hata 16 hadi 18. Tairi ikilegea inarefuka pale inapokanyaga, na inarefuka zaidi ya inavyotanuka, ndiyo maana inashika. Tena inajikunja kwenye jiwe badala ya kurushwa nalo. Usishuke chini ya 15 kwa rimu za kawaida, ukikata kona kwa nguvu tairi inavuka ukingo wa rimu. Na ukirudi lamini ujaze kabla ya kukimbia, tairi legevu kwenye mwendo inachemka.

Kompresa ndogo ya kuchomeka kwenye betri na kipimo cha upepo. Nunua hivyo kwanza, hayo mengine yatafuata.

#7 Tope_Zito
#6 naheshimu somo, ila tairi iko HEWANI mkuu. Ukiijaza 36 au ukiiacha na 5, hewa haishikiki.

#8 Kipimatairi
Na zile mbili zilizokanyaga? Gari lote limekaa juu yao.

#9 Tope_Zito
Hazikuwa zinasukuma. Msome FundiSpana #3.

#10 Mama_Difu
Ngojeni. Gari la miaka ya karibuni lazima lina traksheni kontroli. Tairi ikizunguka bure, kompyuta inaibana kwa breki, difu inadhani imepata ardhi, nguvu inahamia upande wa pili. Kwenye korongo la kina cha goti ilitakiwa itoshe. Kwa hiyo swali langu kwa KobeMwendo ni moja: ulisikia mlio wa kukereza, krrr krrr krrr, chini ya miguu yako?

#11 KobeMwendo
Ndiyo! Nikadhani nimevunja kitu, nikaachia mafuta haraka.

#12 Mama_Difu
Basi hapo ndipo ulipokwamia. Mlio ule ni breki zinafanya kazi. Mfumo huo hauanzi mpaka tairi izunguke kidogo, na unahitaji mguu wako utulie pale pale kwenye mafuta, wala usikandamize wala usiachie, hesabu hata sekunde tatu. Wengi wanaachia wakati gari ndiyo linataka kutoka. Wengine wanapampu mguu, inakuwa kila kompyuta ikianza hesabu unaifutia.

Na ile alama ya gari linaloteleza ambayo watu hubonyeza kuzima: magari mengi ukizima inaacha kukata nguvu ya injini lakini breki zinaendelea kubana tairi. Mengine inazima vyote. Hilo lisome kwenye kitabu cha gari lako, mtaani kila mtu atakuambia la gari lake.

#13 Bosi_wa_Lami
Kwa hiyo nilikuwa sahihi #2. Ni mkulima.

#14 Msafiri_Taratibu
Mnazunguka tu. SUV za siku hizi ni bodi moja bila chasisi, na suspensheni ya kila tairi kivyake. Hizo ni za kupeleka watoto shule. Gari la porini lina chasisi na ekseli nzima, kama Pajero. Pajero imeshinda mbio za Dakar mara 12, mwacheni aitwe Pajero.

#15 NjiaMbovu
#14 hesabu ya Dakar iko sawa, Mitsubishi ilianza kushinda 1985 na ya mwisho 2007. Mfano ndio umekugeuka. Pajero kuanzia kizazi cha 3, yaani 1999, haina chasisi ya kujitenga. Fremu yenye umbo la ngazi imechomelewa ndani ya bodi, na tairi zote nne kila moja kivyake. Yenye chasisi na ekseli nzima nyuma ni Pajero Sport, hilo ni gari jingine. Na yaliyokuwa yanashinda Dakar yalikuwa yametengenezwa kwa mashindano, ya dukani yamefanana nayo jina tu.

Grand Vitara ya 2005 nayo ni bodi moja yenye ngazi ndani, tairi zote kivyake, na nyingi zina 4L, ile gia ya ziada ya mwendo mdogo na nguvu nyingi. Inapita pengi kuliko sura yake. Ile mpya ya 2022 haina 4L kabisa, jina ni lile lile.

#16 Msafiri_Taratibu
Nimekubali la 1999. Ila hoja iko palepale: ekseli nzima, tairi moja ikipanda nyingine inashuka, zinabembea. Za kivyake kila moja inakwenda kiasi chake kidogo halafu inaishia hewani. Kagari ka binamu naweka dau kana ekseli nzima nyuma.

#17 KobeMwendo
Kana ekseli nzima, mbele na nyuma. Na kana kigingi kidogo cha gia pembeni ya kile kikubwa.

#18 Tope_Zito
Haya sasa, ndugu zangu. Mleta uzi anatoa ushahidi kwa matone kama bomba bovu.

#19 DerevaMstaafu
Kigingi kidogo ndicho hicho, wanangu. Hiyo 4L. Chukueni gia ya kwanza ya uwiano 3.5, zidisha na difu ya 4, mnapata 14. Maana yake injini inazunguka mara 14 tairi ikizunguka mara moja. Weka 4L ya 2.5 hapo katikati, inakuwa 35. Gari linatambaa polepole kuliko mtu anayetembea, na bado lina nguvu. Anayetambaa ana muda wa kuona tairi inakwenda wapi. Asiye nayo inabidi aingie kwa kasi ili asizimike, na kasi ndiyo inayorusha tairi hewani.

KobeMwendo, la kwako lina 4L?

#20 KobeMwendo
Halina, mzee wangu. Lina duara la kuzungusha lenye picha: lami, theluji, tope, na mmea wa miiba.

#21 Bosi_wa_Lami
Uliweka kwenye mmea wa miiba?

#22 KobeMwendo
Niliweka kwenye tope.

#23 Bosi_wa_Lami
Wakati umesema #1 haikuwa tope. Kosa hilo.

#24 FundiSpana
Duara lile linabadilisha tabia tu: mafuta yaingie kwa ukali gani, gia zibadilike lini, kompyuta ivumilie tairi kuzunguka kiasi gani kabla ya kubana. Halinyanyui gari hata milimita, wala halileti gia ambayo haimo ndani ya giaboksi.

Halafu kama halina 4L na lina duara, nina wasiwasi ekseli ya nyuma inaunganishwa kwa klachi inayoongozwa na umeme. Muda wote unaendesha ya mbele, ya nyuma inaitwa ya mbele ikishindwa. Hizo zikihangaishwa sana zinapata joto, zinajitenga zenyewe ili zisiungue. Dereva anaona tairi za nyuma zimekufa ghafla. Kulikuwa na taa yoyote kwenye dashibodi?

#25 KobeMwendo
Kulikuwa na maandishi, nilikuwa natazama nje. Mke wangu anasema yalikuwa ya njano. Mtoto anasema mekundu.

#26 Pembetatu
Nimesoma yote, na hakuna aliyegusa umbo la gari. Uvungu peke yake ni namba ya matangazo. Zinatakiwa pembe tatu: ya mbele, kati ya tairi na ncha ya chini ya bampa, inayokuambia utapanda ukingo mkali kiasi gani, ya nyuma hivyo hivyo, ya kutokea, na ya tumbo, ya katikati ya ekseli mbili, inayokuambia kama utakaa juu ya tuta kama mizani. Kagari kafupi kana ekseli zilizokaribiana, ndiyo maana tumbo lake haligusi hata kama uvungu ni mdogo kuliko wa kwako.

Mleta uzi, toka nje na futikamba. Pima urefu kutoka ardhini hadi sehemu ya chini kabisa ya bampa, kisha umbali wa chini kutoka hapo hadi tairi inapokanyaga. Pima pia kitu kinachoning'inia chini kuliko vyote. Ulale chini kabisa, usichungulie.

#27 KobeMwendo
Nimetoka chini ya gari sasa hivi, shati limekwisha.

Bampa ya mbele: 270 mm kutoka ardhini. Kutoka chini ya bampa hadi katikati ya tairi inapokanyaga: 640 mm. Nikapiga hesabu, digrii 23.

Kitu cha chini kabisa ni kishikio cha bomba la moshi, kiko kidogo kulia. Nimepima mara tatu kwa sababu sikuamini. 176 mm. Kitabu kinasema 210!

Kuna mkwaruzo mpya unaong'aa pale pale kwenye kishikio.

#28 Pembetatu
Pembe umejipunja. Mstari wa pembe hautoki katikati ya tairi inapokanyaga, unatoka pale unapoligusa duara la tairi kwa mbele. Tairi zako saizi gani?

#29 KobeMwendo
225/65R17.

#30 Pembetatu
Rimu inchi 17 ni 431.8 mm, ukuta wa tairi 146.25 juu na chini, jumla 724. Nusu yake 362. Ukichora vizuri unapata karibu digrii 26. Si mbaya kwa daraja lake, ila bampa ya gari la porini hasa huanzia 30 na kwenda juu.

Kuhusu 176: ulipima likiwa tupu au na mizigo?

#31 KobeMwendo
Bado sijashusha mizigo ya safari. Hema la juu ya paa, keria, madumu mawili ya maji ya lita 20, na sanduku la vyombo kwenye buti.

#32 Mama_Difu
Jamani. Madumu nayo yako juu ya paa?

#33 KobeMwendo
Ndiyo.

#34 Mama_Difu
Hema kama kilo 60, maji 40, keria yenyewe labda 20. SUV nyingi za kati paa linaruhusiwa kilo 75 hadi 100 gari likiwa linatembea, na keria inahesabiwa humo humo. Ukaongeza watu. Springi za nyuma zimekaa chini, zimekula nafasi ambayo tairi ilitakiwa ipandie. Halafu uzito ukiwa juu, gari likilala upande mmoja korongoni linausukuma ule upande wa chini na kunyanyua wa juu. Ile tairi iliyoning'inia uliibeba mwenyewe kutoka nyumbani.

Teremsha madumu kwanza, na yakae ndani nyuma ya viti, yafungwe.

#35 Tope_Zito
Hadi sasa: difu, upepo, mguu, ekseli, 4L, klachi ya joto, bomba la moshi, maji. Binamu bado anapiga mluzi?

#36 Msafiri_Taratibu
Tuje kwenye swali la pili. Aongeze nini? Mimi nasema avae tairi za A/T, zile za lami na porini, na apande saizi, 235/70R17. Kipenyo kinaongezeka karibu sentimita 4, hapo uvungu unakaribia ule wa kitabu.

#37 Pembetatu
Kipenyo kinatoka 724 kwenda 761, tofauti 37. Nusu ya hiyo ndiyo inaingia chini ya gari, kwa sababu ekseli iko katikati ya tairi. Atapata 18 mm. Na mshale wa mwendo utasoma 100 wakati gari linakwenda 105, kama awali ulikuwa sahihi. Na gia zote zinapungua nguvu kwa asilimia 5, kwenye gari ambalo tayari halina 4L.

#38 NjiaMbovu
Na ahakikishe haigusi kapeti ya ndani ya bodi usukani ukikatwa wote huku springi zimebonyea. Fundi anapima gari likiwa limesimama sakafuni anasema imeingia freshi, siku ya korongo inakula plastiki.

Mimi A/T nakubali, saizi ibaki ile ile. Kinachosaidia kwenye A/T ni kukata kwa mpira na ukuta mgumu dhidi ya mawe. M/T, zile za matope, asiguse kama siku nyingi yuko lamini, zinavuma na lami ikiwa na maji zinateleza.

#39 FundiSpana
Anyanyue springi 30 mm basi. Ila ajue kunyanyua springi hakunyanyui difu, difu inabaki pale pale.

#40 Mama_Difu
Hiyo ni kwa ekseli nzima, fundi wangu. Hili lake difu zimefungwa kwenye bodi, kwa hiyo bodi ikipanda na difu inapanda nayo, na kishikio cha bomba la moshi pia. Shida yake ni shafti. Zinakaa kwa mshazari mkali zaidi, raba zinachanika, grisi inatoka, mchanga unaingia, baada ya muda inaanza kugonga tak tak ukikata kona. 30 mm nyingi zinavumilia. 50 usiku huo huo unalala na spana.

#41 FundiSpana
Sawa, nimerekebishwa. Nilikuwa na magari ya zamani kichwani.

#42 ChupaTupu
Samahani kuingilia, mimi nina gari la aina hiyo hiyo ya kati na nataka kuweka snokeli, lile bomba la kuvutia hewa ya injini juu ya bodi. Nikishaweka naweza kuvuka maji ya kina gani?

#43 DerevaMstaafu
Kina kile kile ulichovuka jana, mwanangu. Snokeli inahamisha pua ya injini tu. Alteneta iko chini, feni iko chini, masanduku ya umeme yapo chini ya viti au pembeni ya miguu. Na difu ina kipumulio chake: ikitoka safarini imechemka, ukaitumbukiza kwenye maji baridi, hewa ndani inasinyaa, inavuta maji kupitia kipumulio au sili. Usiporefusha mipira ya vipumulio, snokeli ni pambo.

Nilishawahi kufungua difu wiki mbili baada ya kuvuka mto. Nililegeza nati ya chini, kikatoka kitu cheupe kizito kama losheni. Gari lilikuwa bado linatembea vizuri na sikuwa nimesikia chochote. Bearingi zilikuwa na kutu upande mmoja.

#44 ChupaTupu
Asante mzee. Ila ina sura nzuri.

#45 Bosi_wa_Lami
Weka tu, vumbi nalo linapungua kwenye filta. Usizame nayo.

#46 Tope_Zito
Winchi, mashine ya gari kujivuta kwa kamba, hakuna aliyeitaja, ajabu.

#47 NjiaMbovu
Kwa sababu anahitaji bampa ya chuma ya kuifungia. Bampa na winchi mbele ni kilo 80 au zaidi, kwenye gari ambalo springi zake zimeshachoka kwa madumu. Atakwama zaidi ili apate cha kujinasulia. Bamba la kinga chini ya injini na giaboksi, hilo ndilo ningeweka kabla ya kitu chochote cha kupendeza. La plastiki lililokuja na gari ni la kuzuia upepo na matope.

KobeMwendo, binamu alikuvuta kwa kufunga kamba wapi?

#48 KobeMwendo
Kwenye ule mpira wa chuma wa kuvutia trela, nyuma ya gari lake.

#49 NjiaMbovu
Hapo nasimama, nacheka basi. Usirudie tena. Ule mpira haukutengenezwa kwa mkupuo wa kunasua, ukikatika unaruka na kamba kama jiwe la kombeo na watu wameshakufa hivyo. Tafuta ndoano ya kuvutia inayosokotwa kwenye bampa, iko kwenye boksi la jeki, ila hiyo ni ya kuvuta polepole, si ya mkupuo. Au shekeli, pingu ya chuma ya kushikia kamba, iliyofungwa kwenye sehemu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Na pete ndogo zilizo chini, nyingi ni za kufungia gari lisiteleze wakati linasafirishwa, hizo nazo hapana. Weka blanketi au koti zito katikati ya kamba, watu wote wasogee mbali.

#50 Kipimatairi
#49 uandikwe kwa wino mwekundu.

#51 Mama_Difu
Nakazia. Na kwa swali la kwanza, ambalo tumelikimbia: anajuaje uwezo bila kuaibika? Kipimo changu ni tuta dogo sehemu tambarare. Panda kimshazari polepole mpaka tairi moja inyanyuke, simama, shuka uangalie ni ipi na imenyanyuka kiasi gani. Rudi ndani, kanyaga mafuta kidogo, utulie, sikiliza mlio. Ukitoka, kompyuta yako inatosha. Usipotoka, umejua ukiwa karibu na nyumbani.

#52 KobeMwendo
Wakuu, nimerudi kutoka korongoni. Leo asubuhi tulikwenda tena, mimi na binamu, bila hema, bila madumu, upepo 20. Tulifanya kama Bosi alivyosema #2, tukabadilishana magari.

Binamu amepita na gari langu. Mlio wa krrr ulisikika, akatulia, likatoka.
Mimi nimepita na gari lake.

#53 Bosi_wa_Lami
Mbona hii haimpi mtu yeyote ushindi?

#54 Kipimatairi
Upepo 20. Nimemaliza.

#55 Mama_Difu
Alitulia kwenye mafuta. Nimemaliza mimi.

#56 Pembetatu
Hakuna aliyemaliza. Mmebadilisha dereva, upepo na uzito kwa wakati mmoja. Na udongo? Bado una unyevunyevu?

#57 KobeMwendo
Umekauka. Na kuna watu wamepita, ukingo mmoja umebomoka kidogo.

#58 Tope_Zito
Kwa hiyo si korongo lile.

#59 DerevaMstaafu
Na wewe mwenyewe na gari lako je? Ulijaribu?

#60 KobeMwendo
Binamu alisema muda umekwisha.

#61 MluziMdogo
Mimi ndiye binamu. Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu tu.

Kuna jambo hajasema. Siku ya kwanza tairi hazikuanza kuzunguka zenyewe. Alipoteremsha mbele, chuma cha kuvutia trela cha nyuma ya gari LAKE kilichimba ukingo wa juu, gari likaning'inia juu ya mkia wake. Baada ya hapo ndipo tairi zikaanza kuzunguka. Nilikuwa nimesimama nyuma, nikaona. Leo kabla ya kupita nilikifungua kile chuma, nati mbili, nikakiweka kwenye buti.

Na mpira wa trela nakubali ni kosa langu, #49 asante.

#62 Pembetatu
Pembe ya nyuma! Wiki nzima tunapima bampa ya mbele.

#63 KobeMwendo
Si kweli. Chuma kiligusa wakati unanivuta, siyo kabla.

#64 MluziMdogo
Kiligusa kabla. Kuna udongo mpaka kwenye tundu la pini, na nilikuvuta kwa mbele.

#65 FundiSpana
Hata kama kiligusa, difu za wazi zingeshindwa tu. Tairi mbili zilikuwa bure.

#66 Msafiri_Taratibu
Mkia ukikaa juu ya ukingo, tairi ya nyuma ndipo inaponyanyuka. Ekseli nzima ingeshuka.

#67 ChupaTupu
Kwa hiyo ni gari gani? Forester? X-Trail?

#68 KobeMwendo
Sitaji.

#69 Pembetatu
Usitaje. Rudisha kile chuma mahali pake, pima kutoka ncha yake ya chini hadi ardhini, na umbali hadi tairi ya nyuma. Namba mbili tu, nitachora leo leo.

#70 KobeMwendo
Futikamba ameondoka nayo binamu.